Kanuni za Kufa, Toleo la Mwisho Kabisa

Mimi ni katibu mara mbili. Kwanza ni katibu wa chama cha ukoo wetu cha kufa na kuzikana, cheo nilichopewa kwa sababu nina kompyuta, na kwa sababu siku ya uchaguzi nilichelewa kufika. Pili ni katibu, fundi na mpokea matusi wa seva ndogo ya maigizo ninayoiendesha na wenzangu wawili. Vyeo vyote viwili havina mshahara, na katika vyote viwili kazi yangu kubwa ni kupanga watu wafe vipi.

Nianze na seva. Ule mchezo wa kompyuta wa GTA V, uliotoka mwaka 2013, una programu ya pembeni iitwayo FiveM inayokuwezesha kufungua mji wako mwenyewe ukaweka sheria zako. Mwaka 2023 wenye mchezo, Rockstar Games, wakaichukua kabisa ikawa yao. Humo hatushindani. Kila mtu anachagua maisha yake: huyu polisi, yule fundi magari, mwingine anauza samaki ufukweni Vespucci. Sisi tunaigiza kwa Kiswahili, jioni watu kama 30, wengi wa Dar, wachache wa Mombasa, na mmoja yuko Muscat ambaye hutuaga mapema kwa sababu saa yake imetangulia yetu kwa saa moja.

Ugomvi wote wa mji ule unaanzia kwenye kifo. Ukikifanya kikali, mtu aliyemlea mhusika wake miezi sita, akamnunulia gari, akamwoza kwa sherehe, anagongwa na mlevi wa lori, kwisha. Huyo hutamwona tena. Ule mchezo wa zamani kabisa wa jamii hii, MUD, aliouanzisha Roy Trubshaw mwaka 1978 pale Chuo Kikuu cha Essex, kisha akauendeleza mwenzake Richard Bartle, haukuwa na huruma: ukiuawa vitani, mhusika wako aliweza kufutwa moja kwa moja. Lakini wale walikuwa wanafunzi. Wachezaji wangu wana mabosi na watoto, wakifutwa hawaanzi upya, wanakwenda kulala. Na ukikifanya kifo cha bure, watu wanapigana risasi kwa kugombea sehemu ya kuegesha.

Nikatafuta katikati. Ukipigwa unalala chini dakika kumi ukisubiri daktari. Daktari asipokuwepo, unabonyeza kitufe cha E, unaamka hospitali ya Pillbox katikati ya mji, unalipa dola 200. Pesa ya mfukoni imekwenda. Halafu ile kanuni maarufu ya maisha mapya: hukumbuki aliyekuua wala sababu, na huruhusiwi kurudi pale ulipofia kabla ya dakika 15.

Usiku wa kwanza niliharibu kidogo. Muda kwenye faili la mipangilio unaandikwa kwa sehemu za elfu za sekunde, dakika moja ni 60000, mimi nikaandika 10 tupu. Mtu alikuwa akichomwa kisu tu, kabla goti halijagusa lami ameshaamka kitandani Pillbox. Hilo nilirekebisha kesho yake.

Lililonishinda ni teksi. Kutoka Paleto Bay, kaskazini mwisho kabisa, hadi katikati ya mji, madereva walitoza dola 500. Kufa, kama nilivyosema, dola 200, na kitanda juu. Haikupita wiki, Paleto Bay nzima ikawa inasafiri kwa njia ya mauti. Ukiwa na miadi mjini unajirusha kutoka juu ya paa, unabonyeza E, umefika. Madereva wakaegesha magari Legion Square wakagoma, na msemaji wao akaniambia kwenye maiki, sauti imemkauka: “Bosi, sisi tunaweza kushindana na bodaboda. Hatuwezi kushindana na Izraili.”

Wakati huohuo wadaiwa wakagundua utamu wa kusahau. Mmoja alikuwa na deni la samaki la wiki tatu. Alipobanwa, akapanda Mlima Chiliad akaruka. Alipoamka akamtazama muuza samaki kwa upole: “Deni gani ndugu yangu? Mimi natamani kukumbuka, ila kanuni hairuhusu.”

Nikakaa chini kuandika toleo la tatu.

Sasa wiki hiyohiyo Baba Mkubwa, mwenyekiti wa ukoo, akanikabidhi katiba ya chama niichape upya. Ya zamani aliiandika yeye kwa mkono, na ilikuwa na kifungu cha tisa kilichotuletea aibu kwa wakwe: “Mwanachama asiyechanga mara tatu mfululizo, siku ya siku atajizika mwenyewe.” Shangazi, mweka hazina, alitaka lugha ilainishwe. Kwa hiyo Jumamosi usiku nilikuwa na mafaili mawili mezani, umeme unakwenda na kurudi, nami nahifadhi harakaharaka kabla haujakwenda tena. Moja likaitwa KUFA. La pili likaitwa KUFA mpya. Kisha, kwa akili ya saa nane usiku, nikaongeza KUFA mwisho na KUFA mwisho kabisa.

Moja nikalibandika kwenye ukurasa wa sheria wa seva. Jingine nikalitia kwenye flashi, asubuhi nikampa kijana wa stesheneri. Akaniuliza, “Broo, la ukurasa mmoja au la kurasa mbili?” Nikamwambia lolote, ilimradi nakala 25, na zifungwe na jalada la bluu. Zilipendeza sana zile nakala.

Kikao kilikaa kwa Baba Mkubwa, Tabata, chini ya mwembe. Chai, mihogo, sala ya kufungua. Baba Mkubwa akavaa miwani, akasifia jalada, akasema atasoma mwenyewe kifungu kwa kifungu ili mtu asije akasema hakusikia.

“Kifungu cha kwanza. Mwanachama akifa, atalala palepale alipoangukia kwa muda wa dakika kumi, akimsubiri daktari.”

Mwili wangu ukafa ganzi. Nikainua mkono. “Baba Mkubwa, samahani...”

“Katibu, utapewa nafasi.” Akakuna kidevu. “Dakika kumi? Mimi ningependekeza masaa mawili. Foleni za mji huu mnazijua.” Watu wakaitikia kwa vichwa.

“Kifungu cha pili. Ikiwa daktari hayupo kazini, mwanachama atabonyeza E, na atafufuka.”

Kikapita kimya cha kutisha. Mjomba, ambaye ni mzee wa kanisa, akasimama taratibu akifunga kifungo cha koti. “Mwenyekiti, kwa heshima zote. Jambo hilo tayari lina mwenyewe.”

“Limeandikwa hapa,” Baba Mkubwa akamjibu, “tulijadili baadaye. Kifungu cha tatu. Mwanachama aliyefufuka hatamkumbuka aliyemuua.”

“Mimi nitamkumbuka,” akasema Shangazi.

“Kifungu cha nne. Fedha taslimu zitakazokutwa mfukoni mwa marehemu ni mali ya aliyemuua.” Hapo Binamu akaacha kutafuna muhogo. Wazee wawili wenye mashamba wakasogeza viti mbali na watoto wao. “Kifungu cha tano. Ni marufuku kumgonga mwanachama mwenzako kwa gari bila sababu ya msingi ya kiigizo.”

Kikao kizima kikageuka kumtazama Baba Mdogo, ambaye siku ya Pasaka alirudisha pikapu kinyumenyume ikamkuta shemeji yake anapepeta mchele. Baba Mdogo akaruka: “Hiki nimetungiwa mimi! Na ile haikuwa igizo, ile ilikuwa breki!”

Nikainua mikono yote miwili. “Wazazi wangu, naomba...”

“Katibu! Utaratibu! Kifungu cha sita. Mwanachama atakayejifisha makusudi ili kukwepa deni, deni lake litamsubiri hospitalini, pamoja na riba.”

Shangazi akapiga makofi. Alimkopesha Binamu shilingi 150,000 ya kuanzisha biashara ya kuku, na kuku hao hakuna aliyewahi kuwasikia wakilia. “Hapo! Hapo katibu ametumia akili! Mwenyekiti, napendekeza kipite sasa hivi, kabla mtu hajafa.” Kikapita, mikono juu, kwa kauli moja, Binamu naye akinyoosha wake kwa kuona aibu.

Nilipopewa nafasi nilieleza yote. Mchezo, seva, ule mji wake wa Los Santos, teksi, umeme. Kumweleza mzee wa miaka 71 kwamba kuna mji usiokuwepo ambamo watu wanajiua ili wawahi miadi si kazi ndogo. Wakanisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Baba Mkubwa akavua miwani, akaipangusa na pindo la shati.

“Kwa hiyo, mwanangu, usiku kucha unakesha kuwahudumia marehemu wa uongo.”

“Ndiyo, Baba Mkubwa.”

“Na mchango wako wa mwezi wa nne hujatoa.”

“Wala wa tano,” Shangazi akaongeza bila kufungua daftari.

Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni tangu kifungu cha pili. Nilipofika kwenye daladala nikaifungua: ujumbe 63. Kwa kuwa kama katiba ya ukoo haikuwa Tabata, basi mnajua ilikuwa wapi.

Wachezaji wangu hawakushuku kitu. Walisoma kwamba mwanachama akifiwa kila kaya itatoa 20,000 ndani ya saa 24, kwamba patafungwa turubai mbili na viti 100, kwamba asiyefika msibani bila taarifa atapigwa faini, wakasema mkubwa safari hii ametulia, ametuletea kitu chetu. Ilikuwa shilingi, wao wakasoma dola. Dereva mmoja wa teksi akawa wa kwanza kufa chini ya katiba mpya, gari lake lilipotumbukia baharini. Dakika hiyohiyo ikaundwa kamati. Turubai hazikuwepo, wakapanga malori manne Legion Square yakafanya kivuli. Viti vikapangwa 100, ingawa seva yetu inabeba watu 48, hawazidi hapo hata iweje. Polisi akawekwa aelekeze magari. Akatokea mama mmoja wa kulia, ambaye mpaka leo sijui ni nani kati ya wale vijana, ila alilia vizuri mno.

Tatizo dogo: marehemu aliamka Pillbox baada ya dakika kumi, na kwa kuwa katiba haikumtaja mfiwa mwingine, akaja msibani kwake mwenyewe, akakalishwa kwenye mkeka, watu wakapita wakimpa mkono. “Pole sana, umejipoteza.” Naye akajibu kwa unyonge kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Nawaambia ukweli, siku mbili za mwanzo nilitaka kujisifu. Hakuna aliyekufa tena hovyo. Ukitaka kujirusha kutoka kwenye paa, watu 30 wanakuja mbio kukushika miguu, kwa sababu kila mmoja anaona 20,000 yake inaning'inia pale juu pamoja na wewe. Teksi zikajaa. Nimehangaika na dola 200 zangu miezi, kumbe kifo kinahitaji tu kuwasumbua wengine.

Siku ya tatu mtu akapiga hesabu. Wachangiaji 30, kila mmoja 20,000, ni 600,000. Gari zuri kuliko yote dukani lilikuwa 450,000. Nilipoingia jioni nikakuta misiba 11 inaendelea kwa pamoja, malori yamekwisha, yule mama wa kulia amekauka sauti anaomba apewe mapumziko. Marehemu wamepanga foleni ya mkeka. Waliokufa wanachangia waliokufa, pesa inazunguka kama upatu. Na mbele kidogo, kwenye bustani ya katikati ya barabara, kulikuwa na mtu amechutama, anachimbachimba majani kwa mikono.

“Unafanya nini hapo?”

“Sijachanga mara tatu, bosi. Kifungu cha tisa. Najizika.”

Nilikuwa nimesahau kukilainisha.

Usiku huo nikaandika toleo la nne, umeme ulikuwepo, na nililipa faili jina refu la heshima. Ukifa sasa unaamka kwenye hospitali iliyo karibu na ulipofia, wa Paleto Bay kulekule Paleto Bay, ukitaka mji panda teksi. Unasahau aliyekuua, ila deni lililoandikwa daftarini huwezi kulisahau. Msiba upo kwa anayetaka, rambirambi mwisho dola 50, mara moja kwa mwezi. Hicho cha mwisho nilikinyakua kwa Shangazi, ambaye zamani alimdhibiti nacho ndugu mmoja aliyefiwa na bibi yule yule mara mbili.

Ukoo nao nikawapelekea nakala sahihi 25, kwa gharama yangu. Baba Mkubwa akanipigia simu. Ufufuo wameuondoa, cha magari wamekiacha kwa ajili ya Baba Mdogo, na cha deni kimebaki neno kwa neno, hospitalini na riba na kila kitu, Shangazi amekataa kabisa kisiguswe.

Jumapili iliyofuata nikapita kumsalimia Bibi. Siku ya kikao alikuwa amekaa mlangoni na kanga yake, nikadhani amesinzia. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanisogeza karibu, akachungulia kwanza kama mkwewe yuko jikoni.

“Mjukuu wangu, ile E mliyokuwa mnaisema. Kwenye hiki kisimu changu ipo?”

Nikakichukua kile kisimu cha vitufe, nikamwonyesha. “Ipo kwenye namba tatu, Bibi. Ila ya humu haifanyi kazi ile, ile ni ya mchezo tu.”

“Najua ni mchezo. Inabonyezwa mara ngapi?”

“Mara mbili.”

Akakipokea, akakifunga kwenye pindo la kanga, fundo mbili.