Kabla ya miwani, tujenge maabara

Nina ndugu na marafiki wanaofundisha sekondari Tabora. Tangu nihamie Ohio, Marekani, wananiuliza lini ile miwani ya kujifunzia ya huku, ya kompyuta inayoonyesha picha hewani mbele ya macho, itafika kwetu. Jibu langu huwaudhi: isije kwanza, fedha zake zijenge maabara.

Sisemi hivyo kwa kuidharau. Chuo kikuu cha Case Western Reserve hapa Cleveland kimefundisha anatomia, yaani somo la maumbile ya mwili, kwa HoloLens, miwani ya aina hiyo ya kampuni ya Microsoft, nami nimeivaa. Moyo unaelea mbele yako, umekuzwa, unauzunguka kuutazama kwa nyuma, ukisogeza kichwa unaingia ndani kabisa na kuona valvu zikifunguka na kufunga. Uzuri wake ni kwamba hukuzibwa macho: chumba unakiona, mwenzako wa upande wa pili unamwona, na mshipa anaouonyesha ndio huo huo unaoutazama wewe. Mwaka 2020, korona ilipofunga madarasa, wanafunzi wa udaktari walipelekewa miwani majumbani wakaendelea na somo. Kwa hilo nawavulia kofia.

Lakini HoloLens 2 ilitoka 2019 kwa dola 3,500, yaani zaidi ya shilingi milioni nane kwa kichwa kimoja, na chaji yake ni ya saa mbili tatu tu. Mwaka 2024 Microsoft ikaacha kuitengeneza. Google nayo ilikuwa imeshaacha kuuza Glass, miwani yake ya kompyuta, mwaka 2023. Chuo tajiri kitahamia kwenye kifaa kingine. Shule ya kata iliyopewa na mfadhili itabaki na kabati la vitu visivyo na spea wala fundi, na kompyuta za msaada zilivyoishia sote tumeona.

Sisi kidato cha tatu, mwalimu wa baiolojia alitununulia moyo wa ng'ombe buchani. Akaupasua kwa wembe, akatuambia tubinye kuta zake. Kushoto nene, ngumu, kwa sababu ndiko damu inakosukumwa mwili mzima. Kulia kunabonyea, maana kazi yake ni kuifikisha mapafuni tu. Sijasahau mpaka leo. Kwenye miwani mkono unapita katikati ya moyo bila kugusa kitu.

Shida yetu ilikuwa moyo mmoja kwa darasa zima. Waliokaa nyuma waliambulia visogo vya wenzao. Na tangu ada ifutwe 2016, jambo jema kabisa, wanafunzi wameongezeka kuliko vyumba na walimu.

Kwa hiyo wabunge na wafadhili mnaopenda kupiga picha na kifaa kipya, nawaomba meza, maji ya bomba, hadubini, na fundi sanifu wa maabara mwenye ajira. Baada ya hapo leteni projekta moja ya kuunganisha na simu ya mwalimu, kwani programu za kuonyesha viungo vya mwili kupitia kamera ya simu zipo, nyingine za bure. Na siku ya somo shule inunue mioyo sita.