Mbuzi ya nyanya na tui la pakiti

Barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, baada ya Alasiri, kahawa chungu ikianza kuzunguka, mada ya chakula huja yenyewe. Hutosha kijana apite na mfuko wa chipsi mkononi, mzee mmoja aanze: "Nyanya zetu walikula nazi kila siku, na hakuna aliyejua presha." Wengine huitikia. Mimi pia nilikuwa nikiitikia, mpaka siku moja nikakaa nikamkumbuka nyanyangu alivyokuwa akipika, badala ya utamu wa alichopika. (Kwa msomaji wa bara: kwetu nyanya ni mama wa mzazi, ile nyekundu ya mchuzini ni tungule.)

Chukua mbaazi za nazi peke yake. Usiku huziroweka. Alfajiri huwasha seredani, jiko la makaa, azibandike zichemke taratibu hadi zilainike. Huku zinachemka, nazi mbili zishavunjwa, na yeye keshaketi juu ya mbuzi, sinia chini ya ulimi wa chuma, anakuna. Nazi iliyokunwa huitia kwenye kifumbu, kichujio cha ukindu, akakamua tui la kwanza, akaliweka kando. Machicha huyatia maji tena akakamua la pili, jepesi, na hilo ndilo la kupikia. Tui zito huingia mwisho, na hapo mkono hautoki chunguni: upawa wachota, wamwaga, wachota, wamwaga, kwa sababu tui likiachwa lichemke lenyewe hukatika, na mchuzi uliokatika ni aibu ya nyumba. Machicha yaliyobaki ni ya kuku. Na mahamri sijayagusa bado, na unga wake uliokandwa usiku kwa tui na iliki. Yote hayo ili watu wanywe chai saa moja.

Ndiyo maana naona hoja ya mzee wa barazani imekaa upande. Kwanza, hao nyanya hawakujua presha kwa sababu hapakuwa na wa kuwapima. Waliofikia miaka 90 twawaona na kuwasifu. Waliokwenda mapema kwa "kuanguka ghafla" hatuwahesabu. Pili, nazi si dawa. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake ni yale yanayoganda, ambayo madaktari hutuonya tuyapunguze. Hamri ni unga mweupe uliozama mafutani. Papa mkavu na ng'onda (samaki waliokaushwa) vimejaa chumvi, na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai.

Kilichowalinda, naamini, ni kazi. Chakula kizito kilikuwa na gharama ya mgongo na mikono, kwa hiyo kilisubiri sababu. Biriani ilisubiri harusi au Idi, kaimati zikasubiri Ramadhani. Kuku alikuwa akitembea uani, na hachinjwi mpaka aje mgeni wa maana. Siku nyingine ni muhogo, mchicha, samaki mdogo aliyechomwa na ndimu. Leo kuku yuko tayari kila usiku wa Mungu, amekaangwa, na boda boda anamleta mlangoni. Karamu imekuwa chakula cha Jumanne. Hatukubadilisha sana tunachokipenda, tumeiondoa breki.

Neno "chakula cha asili" nalo lina hila yake. Muhogo, mahindi, pilipili, viazi na hiyo tungule, asili yao ni Amerika. Wareno, hao hao walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, ni miongoni mwa waliovusha mimea hiyo baharini. Chapati na biriani zina ukoo Bara Hindi. Ukimwondolea nyanya kila kilichokuja na jahazi, hata mchuzi wake hutautambua. Mombasa haijawahi kumfukuza mgeni chunguni, kwa hiyo kosa la chipsi haliwezi kuwa ugeni wake.

Halafu tuseme lisilosemwa barazani: anayesifu mapishi ya nyanya mara nyingi si yule aliyekaa juu ya mbuzi. Nyanyangu alikuwa na macho mekundu mwaka mzima na kikohozi kisichokwisha, na sisi tulidhani ndivyo wazee walivyo. Shirika hilo hilo la afya linakadiria kuwa moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mwanamke wa leo anayetoka kazini Nyali au Kilindini, akasimama kwenye foleni ya feri ya Likoni, akafika kwake wakati wa Magharibi, umwambie akune nazi mbili? Kwake gesi na tui la pakiti ni pumzi. Nimelijaribu tui hilo. Kwenye mbaazi linapita. Kwenye samaki wa kupaka, hapana. Linakaa juu ya samaki kama rangi ya ukuta, na harufu yake haifiki uani.

Kinachonitia hofu zaidi ni mafuta ya karai yanayokaangiwa mara ya kumi mpaka yanakuwa meusi, na soda inayoshushia kila tonge. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziyaondoe vyakulani mafuta ya kugandishwa kiwandani (trans fat) ifikapo 2023. Ukipita Mwembe Tayari usiku hutasikia mnunuzi anayeuliza karai lina mafuta gani. Na jambo jingine dogo: sinia. Tulikula watano kwenye sinia moja, na mkono wa kila mtu ulionekana. Ukivuka upande wa mwenzio, nyanya hukupiga jicho tu. Sasa kila mtoto ana kifuko chake na simu yake, anakula hadi kifuko kiishe, na kifuko ndicho kinachoamua ameshiba.

Ila wanaolia kwamba mapishi ya nyanya yamekufa hawajatembea asubuhi. Yametoka nje tu. Kila mtaa una mama wa mahamri, na mbaazi zake zingeweza kushindana na za nyanyangu bila haya. Tofauti ni kwamba huyu analipwa, jambo ambalo nyanya hakuwahi kulijua, na kwamba mimi mnunuzi sitoi jasho lolote.

Juzi nilimwuliza wa kwetu, naye akiwa ameinama juu ya sufuria, tui lake ni la nazi au la pakiti. Akacheka.

"La kuchemshia la pakiti. La kumalizia nakuna mwenyewe. Mkono wauma, mwanangu, sikufichi."

Nikamlipa. Kisha nikarudi hatua mbili, nikaongeza mahamri manne.