Milimita 600 mbili: nani hasa anahitaji lenzi kubwa?

Nikon ina lenzi mbili za milimita 600 (milimita zikiongezeka, kitu cha mbali kinavutwa karibu zaidi) kwa ajili ya kamera zake za mfululizo wa Z. Ya kwanza, iliyotoka 2022, ni f/4 (namba ya f ikipungua, mwanya wa lenzi unapanuka na mwanga unaongezeka). Ina gramu 3,260 na urefu wa karibu sentimita 44, na ndani yake imefichwa telekonveta ya 1.4x, yaani vioo vya ziada vinavyozidisha milimita mara 1.4, unayoiingiza kwa kusukuma kiwashio kwa kidole. Ya pili, ya 2023, ni f/6.3. Hiyo ni gramu 1,470 pamoja na kishikio chake cha tripodi, na haifiki hata sentimita 28. Kampuni moja, milimita zilezile, zote zinafungwa kwenye kamera ileile. Zilipoingia sokoni, ya kwanza iliuzwa kwa zaidi ya mara tatu ya bei ya mwenzake.

Waulize wapiga picha tofauti hiyo inalipia nini, utapata majibu mawili yasiyopatana. Kundi moja litakwambia mwanga ni mwanga, na aliyeshika f/6.3 anajifariji tu. Kundi la pili litakujibu kwamba lenzi ya kilo tatu ni kazi ya punda, na kwamba kamera za siku hizi zimeugeuza mwanya mpana kuwa anasa. Nimekaa kambi zote mbili kwa nyakati tofauti, na naona kila moja inasema kweli kuhusu kazi yake na inapotea ikianza kuisemea kazi ya mwenzake. Mpiga picha wa michezo hapangi saa. Mpiga picha wa wanyama hapangi umbali. Ubishi mwingi hutokana na hawa wawili kushauriana lenzi kana kwamba wanafanya kazi moja.

Hesabu haina ushabiki, tuanzie hapo. Gawanya milimita za lenzi kwa namba ya f, utapata upana wa mlango ambao mwanga unaingilia. 600 kwa 4 ni milimita 150. 600 kwa 6.3 ni kama 95. Mlango wa kwanza una eneo la takriban mara mbili na nusu ya wa pili, na ndiyo sababu lenzi hiyo ina kioo cha mbele kipana kama kisahani. Mwanga mwingi kiasi hicho haupitishwi kwenye tundu dogo kwa ufundi wowote, kwa hiyo uzito wake si uzembe wa mtengenezaji. Kamera nayo ina namna yake ya kukwambia jambo hilohilo: picha unayoipiga kwa ISO 3200 (ISO ni kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga iliopata) ukiwa f/4, ukiwa f/6.3 itakudai ISO 8000 bila shata, yaani muda wa kupokea mwanga, kubadilika. Ukilinganisha f/6.3 na lenzi ya wapiga picha wa michezo, f/2.8 ya milimita 400, pengo linafika mara tano.

Je, ISO 8000 ni msiba? Zamani, ndiyo. Leo chenga zake, zile punjepunje zinazochafua picha, kwenye sensa kubwa ya fremu kamili zinavumilika, na programu za kuzisafisha, kama ile Adobe waliyoiweka ndani ya Lightroom mwaka 2023, zinaifanya faili ghafi ya RAW itoke safi kuliko ilivyokuwa ISO 1600 nilipoanza kazi hii. Kuna sababu nyingine ya zamani ambayo imekufa kabisa. Kamera za kioo (DSLR, zenye kioo cha kuakisi ndani) zilikuwa zikishindwa kufokasi zenyewe mwanya ulipopungua chini ya f/5.6, na zile bora chini ya f/8, hivyo lenzi pana ilikuwa lazima hata kama hukuhitaji mwanga wake. Kamera zisizo na kioo hazina kikwazo hicho. Canon waliweza kutoa lenzi ya milimita 800 yenye f/11 mwaka 2020, nyepesi ya gramu 1,260, na ikafokasi. Mtu angelitaja wazo hilo miaka michache kabla, tungemcheka.

Basi mchukue mtu wa f/6.3 umpeleke kwenye mechi saa mbili usiku. Mchezaji anayekimbia anataka shata ya 1/1000 angalau. Jirani yake mwenye f/2.8 yuko ISO 3200. Yeye yuko 16000. Atasema ataisafisha baadaye kwa programu. Baadaye ipi? Picha za mechi hutumwa zikiwa JPEG, faili ambayo kamera imekwisha kuiandaa, moja kwa moja kutoka kwenye kamera hadi kwa mhariri, bao likiwa bado la moto. Kukaa kwenye kompyuta ukisafisha chenga za faili moja moja ni starehe ya mtu ambaye hakuna anayemsubiri. Wanaolinganisha sampuli za ISO nyumbani kwa utulivu husahau jambo hili, nami nililisahau pia.

Nyuma ya mchezaji nako kuna shida yake. Uwanja umejaa takataka za macho: mabango ya matangazo, mawakala wa usalama wenye koti za manjano, viti vitupu. Mchezaji akiwa mita 20 kutoka kwako, milimita 400 kwa f/2.8 inakupa kina cha fokasi, yaani sehemu inayoonekana kwa ukali, cha kama sentimita 40. Kifua na uso vinakata kwa ukali, beki aliye nyuma anaanza kuyeyuka, na bango linabaki rangi tu. Kwa f/6.3 kina hicho kinakaribia mita moja, na herufi za tangazo zinaanza kusomeka juu ya kichwa cha mfungaji. Tena lenzi nyingi za aina hii nyepesi, kama hiyo ya Nikon ya f/6.3, hupunguza urefu na uzito kwa kioo chenye miduara midogo iliyochongwa, teknolojia ambayo Canon waliitangulia kwenye 400 f/4 ya mwaka 2001. Ni ufundi mzuri, ila taa kali ikiingia ndani ya fremu au pembeni yake inaweza kuacha pete za rangi. Na uwanja wa usiku umezungukwa na taa kali.

Hata hivyo michezo si mpira wa usiku peke yake. Mbio za baiskeli, mashua, riadha ya mchana, magari: jua likiwaka, f/2.8 inakaa bila kazi. Kwenye mbio za magari kinachochekesha ni kwamba picha zinazosifiwa zaidi, zile za gari linalokata huku nyuma kumechanika mistari, hupigwa kwa shata ya polepole kama 1/60 na mwanya umebanwa hadi f/16. Mtu amebeba kioo cha mamilioni akakifunga kibaki tundu la sindano. Isitoshe, milimita 400 zisizobadilika ni kifungo. Mpira ukifika kwenye boksi mbele yako, unabaki na nusu ya goti la mshambuliaji, na ndiyo maana wenye kazi hutembea na kamera ya pili yenye zumu, lenzi ya kubadili milimita, ya 70-200. Canon RF 100-300 f/2.8 ya mwaka 2023, gramu 2,590, imewavuta wengi kwa sababu hiyohiyo, ingawa inaishia 300.

Kwa wanyama, hoja ya lenzi kubwa ni nzito kuliko watu wa kambi nyepesi wanavyokubali. Saa zenye uhai porini ni alfajiri na magharibi. Chui hateremki mtini saa saba mchana ili akufurahishe. Kile f/4 inachokuuzia hapo ni dakika: unaendelea kupiga wakati mwenye f/6.3 ameanza kufunga begi. Ila dakika hizo hazilingani kila mahali. Karibu na ikweta jua huzama wima na giza linaanguka haraka, kwa hiyo hatua moja na kitu ya mwanga (kila hatua ni mwanga mara mbili) inakununulia muda mfupi sana. Mbali kaskazini au kusini, ambako machweo hujivuta, hatua ileile inakupa muda wa maana. Sijaona mtu akiliingiza hili kwenye hesabu yake, wakati linaweza kubadilisha uamuzi wote.

Kuna na ndege. Kwa milimita 600 na f/4, ndege akiwa mita 10, kina cha fokasi hakifiki sentimita 7. Jicho linakata, bega linaanza kulegea, mkia ni ukungu. Wapiga picha wa ndege hubana mwanya hadi f/6.3 au f/8 bila kulazimishwa, yaani wanalipia mlango mpana kisha wanaufunga nusu.

Nakumbuka mdiria mmoja aliyekuwa akivua kwenye kijito. Lenzi yangu ya f/4 ilikuwa juu ya tripodi yenye kichwa cha kubembea, imesawazishwa barabara. Ndege alikuwa na matawi mawili anayopokezana. Kwenye la kwanza nilimpata hadi tone la maji kwenye ncha ya mdomo. Alipohamia la pili, unyasi mmoja ukasimama kati ya jicho lake na kioo changu. Nilihitaji kwenda kushoto hatua moja, basi. Lakini hatua moja na mzigo ule maana yake ni kulegeza miguu mitatu, kunyanyua, kuichomeka tena kwenye tope, kusawazisha upya. Nilikuwa kwenye mguu wa pili aliposhuka majini, akaibuka na dagaa, akaondoka zake. Mwenye lenzi nyepesi angeinamisha bega tu.

Uzito huo kwenye karatasi hauonekani hivi. Lenzi ya gramu 3,260 juu ya Nikon Z9 ya gramu 1,340 inapita kilo nne na nusu, na mkono unaomsubiri ndege aruke huanza kutetemeka kabla ndege hajaamua. Ile nyepesi juu ya kamera hiyohiyo haifiki kilo tatu. Haki iwatendeke watengenezaji: lenzi kubwa zimepungua mno. Canon 400 f/2.8 ya mwaka 1999 ilikuwa gramu 5,370. Toleo la 2018 ni 2,840, karibu nusu, na vioo vizito vimesogezwa nyuma ili lenzi isivute pua chini. Kwa hiyo mtu anayerudia malalamiko ya miaka ile dhidi ya lenzi za sasa anapigana na adui aliyekwisha kukonda.

Anayetaka kitu kimoja cha kazi zote mbili huambiwa anunue 600 f/4 kwa kuwa ni ndefu. Mimi ningemwelekeza kwenye 400 f/2.8. Ukiiwekea telekonveta ya 1.4x inakuwa 560 f/4, kasoro milimita arobaini tu, na ukiitoa una f/2.8 ya usiku. Kinyume chake hakiwezekani: 600 haifupiki. Mlango wa mwanga wa hiyo 400 ni milimita 143, karibu sawa na ule wa 600, ndiyo maana zote mbili zinaelekea kulingana uzito. Telekonveta ya 2x niiache. Inakula hatua mbili za mwanga, na fokasi inapungua kasi pale hasa unapoihitaji.

Zumu za bei ya chini, kama Sony 200-600 ya mwaka 2019, zinatosha watu wengi kuliko wanavyopenda kukiri. Lenzi za kampuni za nje ziangaliwe kwa makini na mtu wa michezo: kwenye kamera za Sony, lenzi isiyo ya Sony hufungiwa picha 15 kwa sekunde na haipokei telekonveta. Kwa mtu wa swala na tembo hilo si neno.

Na kuna kitu ambacho lenzi yoyote, ya bei yoyote, haikishindi, nacho ni hewa ya moto. Mchana ardhi ikishachemka, mnyama aliye mita mia mbili hutoka kama ameakisiwa kwenye maji, na mwenye lenzi mpya huirudisha dukani akidhani ina kasoro. Anayetafuta milimita zaidi kwa ajili ya umbali huo anahitaji kusogea karibu, au kuamka mapema.

Kabla sijauza wala kununua nilizifungua picha zangu za msimu mzima na kuzipanga kwa namba zilizohifadhiwa ndani ya faili: milimita, f, ISO, saa. Za ndege nilizozipenda zilikuwa f/7.1 na f/8. Za mechi za usiku zilikuwa f/2.8 bila ubaguzi. Za f/4 zilikuwa za magharibi, wanyama wakubwa, na zilikuwa chache kuliko nilivyojidanganya. Nikaiuza 600 f/4 nikachukua ile nyepesi, 400 f/2.8 naikodi siku za mechi. Miezi michache baadaye chui alitoka kwenye majani jua likiwa limeshazama, akasimama, akanitazama. Picha hiyo ninayo. Ni ISO 20000, ina chenga mpaka kwenye masharubu, na kila nikiifungua naikumbuka ile lenzi nyingine.