Napigia Kura Miaka ya 70, Ingawa Sikuwepo

Ukitaka kujua mtu wa Nairobi anapenda muziki wa muongo gani, usimwulize. Muulize tu alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka gani. Aliyemaliza 1989 ataapa kwamba baada ya bendi ya Virunga hakuna aliyewahi kushika gitaa tena. Aliyemaliza 2002 atakutajia rapa E-Sir kabla hujafunga mdomo. Aliyemaliza 2019 atakuimbia Wamlambez ndani ya matatu, kwa sauti, hata kama kiti cha mbele ameketi mama mkwe wa mtu.

Kwa hesabu hiyo mimi ni mtu wa Ogopa, studio iliyotoa nyimbo za kina E-Sir. Nilikuwa shule ya upili nyimbo zao zilipoteka redio zote za mjini, na bado nilikuwa navaa sare Machi 2003 habari ilipofika kwamba E-Sir amefariki kwenye ajali akitoka Nakuru. Boomba Train yake naijua yote, pamoja na sehemu za mwenzake Nameless. Ndiyo maana marafiki wa rika langu huniita msaliti nikisema muziki bora wa mji huu ulipigwa miaka ya 70, kabla sijazaliwa, na watu ambao wengi wao hawakuwa hata Wakenya.

Wala si urithi. Nyumbani hatukuwa na santuri. Baba alikuwa mtu wa taarifa ya habari. Muziki ukianza tu, redio inazimwa betri zisiishe. Nimefika kwenye miaka ya 70 kwa miguu yangu mwenyewe, nikiwa mtu mzima, na nimefika kwa swali moja ambalo sasa namwuliza kila anayenibishia: Jumatano saa nne usiku, mwanamuziki wa muongo wako alikuwa wapi?

Wa miaka ya 70 alikuwa kazini. Kazini kwa maana ya ajira, yenye mwajiri msumbufu na mshahara wa kulalamikia. Kilabu au baa ilikuwa na bendi yake, bendi ina watu tisa, kumi, wakati mwingine zaidi, na kazi yao ni kupiga mpaka wateja waende nyumbani. Jumatano hakuna harusi wala sikukuu, kuna meza chache zenye watu na mhudumu anayepiga miayo, na bado unapiga. Sasa fikiria hao watu wanafanya hivyo wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Mpiga besi anajua mpiga ngoma ataingia wapi kabla mwenyewe hajajua. Wimbo mpya hauendi studio kwanza. Unatupwa mbele ya wachezaji. Wakikaa, unarekebishwa. Wakisimama, unapigwa tena kesho. Ulipofika kwenye santuri ulikuwa umeshasahihishwa na miguu ya watu wengi.

Na Nairobi ndiyo iliyokuwa na santuri. Watu husahau jambo hili wanapozungumza kana kwamba vipaji vilianguka tu kutoka mbinguni. Mji ulikuwa na studio, ulikuwa na makampuni makubwa ya kurekodi, na juu ya yote ulikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani zenyewe. Bendi za Tanzania zilirekodi Radio Tanzania kule Dar es Salaam, lakini kanda zikaja kuchapwa huku kwetu. Mbaraka Mwinshehe mwenyewe, mwanamuziki wa Morogoro, santuri zake zilitoka Nairobi, na alipofariki Januari 1979 alikuwa Mombasa, katika ziara ya Kenya. Kwa hivyo aliyetaka jina lake liende mbali alikuja hapa. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walipita Arusha na hatimaye wakaifanya Simba Wanyika kuwa bendi ya Nairobi. Super Mazembe walitoka Zaire. Baba Gaston naye akatua 1975 na kikosi chake chote.

Hapo ndipo fitina ilipoanza, na mimi naibariki fitina hiyo. 1976 vijana wa Baba Gaston walimwacha wakaanzisha Les Mangelepa. 1978 baadhi ya wapigaji wa Simba Wanyika walijitoa wakawa Les Wanyika, na baadaye akina Issa Juma nao wakamega kipande chao, Super Wanyika. Kila mgawanyiko uliacha bendi mbili zenye hasira, kila moja ikitaka kumwonyesha mwenzake. Sisi tunajua kulaani utengano, lakini bila hizo nyimbo za kukomoana sijui tungecheza nini kwenye harusi.

Sikiliza Sina Makosa ya Les Wanyika vizuri, si kwa simu, kwenye spika zenye besi. Hadithi yake ni ndogo kabisa: jamaa anamsihi bwana mwenzake aache hasira, kila mmoja ana wake nyumbani. Lakini chini ya hayo maneno besi ya Tom Malanga inafanya mazungumzo yake yenyewe. Inatembea, inasimama, inaacha pengo ambapo mtu mwingine angejaza, kisha inarudi. Gitaa la rithim la Omari Shabani linarudia kitu kilekile mpaka unadhani limesahau njia, halafu unagundua kuwa ni wewe uliyekuwa unasubiri kitu kingine na kumbe hukukihitaji. Hakuna mtu anayejionyesha. Hiyo ni nidhamu ya watu waliopiga Jumatano nyingi.

Kisha kuna suala la sahani yenyewe. Ukipita kwenye vibanda vya santuri pale Kenyatta Market utazishika mkononi, zile ndogo za 45. Upande mmoja una dakika tatu au nne, basi. Wimbo wa dansi hautoshi hapo, kwa hivyo walikuwa wanaukata katikati: upande wa kwanza maneno, unageuza, upande wa pili magitaa. Watu wa rika langu tulizoea wimbo wenye beti, kiitikio, beti, kiitikio, kwaheri. Wao walikuwa na nyimbo za vyumba viwili. Sebuleni mnazungumza mambo ya mapenzi na fedha. Mkimaliza mnaingia chumba cha pili, solo inapanda, ngoma inabadilika, na hakuna anayezungumza tena. Kipande hicho cha pili, sebene, ndicho kilichowauza. Na ndicho tulichokipoteza kabisa tulipohamia kompyuta, kwa sababu kompyuta haichoki, na sebene bila watu wanaokaribia kuchoka haina maana.

Nakiri kwamba nimezungumzia dansi kana kwamba ndiyo yote. Muongo huohuo D.O. Misiani na Shirati Jazz walikuwa wanaipeleka benga, muziki wa gitaa wa Waluo, kila kona ya nchi, Gabriel Omolo alikuwa ameshawachekesha wafanyakazi wa mjini kwa Lunchtime, na Joseph Kamaru aliimba kuhusu mauaji ya mbunge J.M. Kariuki mwaka uleule wa 1975 alipouawa, wakati watu wazima walikuwa wananong'ona tu. Mji mmoja, lugha zaidi ya nne, na zote zinacheza gitaa.

Sasa niwape watu wa miaka ya 2000 haki yao, maana ni watu wangu. Wao walitupa kinywa. Kabla yao kijana wa Nairobi aliyeimba kwa redio aliimba kama Mtanzania, au Mkongomani, au, Mungu atusamehe, Mmarekani. Kalamashaka kutoka Dandora ndio waliovunja mlango mwishoni mwa miaka ya 90 na Tafsiri Hii, kisha Ogopa na Calif wakapita humo wote. Calif, studio iliyobeba jina la mtaa wa California kule Eastleigh, ilitupa Nonini na Jua Cali wakizungumza vile watu huzungumza kwenye steji ya matatu. Na E-Sir, mtoto wa South C, alikuwa na Kiswahili kitamu kuliko cha mwalimu wangu wa Kiswahili, samahani mwalimu. 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa Unbwogable, na ukageuka wimbo wa kuing'oa KANU madarakani. Hakuna wimbo wa miaka ya 70 uliofanya kazi hiyo.

Lakini waulize Jumatano walikuwa wapi. Studio, kama prodyuza ana nafasi. La sivyo nyumbani, wakisubiri simu ya shoo ya Ijumaa, ambako wangepanda jukwaani na CD, deejay abonyeze, na wao waimbe juu ya sauti yao wenyewe. Si kosa lao. Walikuta bendi zimeshakufa. Ila ukisikiliza leo nyimbo hizo bila kumbukumbu za shule, zikiwa uchi, utasikia kinanda kilekile na ngoma ileile ya mashine kutoka wimbo hadi wimbo. Maneno yanaishi. Chini yake hakuna nyumba.

Ni nani aliyeziua hizo bendi? Kafyu ya baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 haikusaidia watu wanaofanya kazi usiku. Kanda za kurudufu zikafurika River Road, na mnunuzi hakuona sababu ya kulipia santuri. Katikati ya muongo huo serikali ikabana vibali vya kazi vya wanamuziki wa kigeni, na ndio hao walioshikilia nusu ya majukwaa. Wenye baa nao wakapiga hesabu wakaona deejay mmoja mwenye mashine mbili hali ugali wa watu kumi. Samba Mapangala na Virunga walitoa Malako katikati ya hayo yote, na kwangu huo ni wimbo wa miaka ya 70 uliochelewa basi.

Mashabiki wa miaka ya 60 wako wachache na wana adabu, kwa hivyo nitawamaliza upesi. Wana Fadhili William na Malaika. Wana Daudi Kabaka, ambaye Helule Helule yake ilirekodiwa na The Tremeloes 1968 ikaingia kwenye chati za Uingereza. Ni nyimbo safi, fupi, zimepigwa pasi. Nazipenda kama ninavyopenda picha za Nairobi isiyo na foleni. Miaka ya 2010 ina Sauti Sol, ambao angalau walishika magitaa, na mwishoni gengetone, rap ya vijana wa mitaa ya Nairobi, iliyoanza na Ethic na Lamba Lolo 2018 ikawaka kama moto wa nyasi.

Kwa kinyozi ninakonyolewa Umoja kuna kijana ambaye hana subira na hoja zangu. Nilimweleza habari ya Jumatano, akanikata.

"Buda, hizo za kina Wanyika ni nyimbo za walevi wa jioni."

"Na hizi zako, kijana wangu?"

"Hizi ni za walevi wa mchana."

Sikuwa na jibu. Lakini ni kijana huyohuyo ambaye, kama wenzake wote wa mwisho wa 2024, alikuwa anaimba Kasongo kutwa nzima. Wimbo wa Super Mazembe, mke akimsihi mumewe arudi nyumbani, kwa Kilingala ambacho hakijui hata neno moja. Kizazi kilichoandamana Juni mwaka huo kiliuchukua wimbo huo kikambandika Rais jina la Kasongo, na nchi nzima ikaelewa bila tafsiri. Walikuwa na nyimbo zote za duniani kwenye simu zao. Wakaenda kuchimba huko.

Kuna hoja moja tu dhidi yangu inayoniuma, na aliyeitoa ni dada yangu mkubwa. "Katika hizo bendi zako," alisema, "niambie mwanamke mmoja aliyeshika maikrofoni." Nilianza kukohoa. Wanawake wamejaa kwenye nyimbo hizo: wanasihiwa, wanalaumiwa, wanaitwa warudi, wanashutumiwa kwa kupenda pesa. Hata Kasongo analiliwa na mke kupitia koo za wanaume. Dada yangu ni mtu wa waimbaji Wahu na Nazizi, na kabla ya hao, Princess Jully, aliyeshika bendi ya mumewe alipofariki 1997 akaimba Dunia Mbaya kuhusu ukimwi wakati wengi waliogopa kuutaja. Ukipima kwa hilo, miaka ya 70 ni baraza la wanaume kwenye baa, na mimi ninayeisifia ningekuwa natafuta kiti niketi nao. Sijampa dada jibu mpaka leo, na kura yangu sijaibadilisha. Yote mawili ni kweli.

Najua pia atatokea mtu wa hesabu aniambie kwamba Sina Makosa ilitoka muongo ukiwa unaelekea kufungwa, kwa hivyo ninajinufaisha na mpaka. Sawa. Les Wanyika walijitoa 1978, na mazoezi waliyafanyia kwa Simba Wanyika miaka yote iliyotangulia. Kama unataka kuuhesabu wimbo huo upande wa miaka ya 80, uchukue. Niachie Kasongo, Embakasi ya Mangelepa na Charonyi ni Wasi ya Maroon Commandos, halafu uniletee zako tatu.