Mlimficha Nyinyi, Mfichueni Nyinyi

"Bibi, umri wote huu bado unatafuta baba?"

Kijana wa dirishani alianza na shikamoo, nisimnyime haki yake. Mama akaitikia marahaba, akamsukumia chini ya kioo bahasha ya kaki yenye karatasi za kuomba atambuliwe ni mtoto wa mpigania uhuru wa Afrika Kusini. Kijana akasoma kidogo, akageuza karatasi kana kwamba nyuma kuna jibu, ndipo akatoa hiyo yake. Foleni ikacheka. Ofisi siitaji, ni mojawapo ya hizi za hapa Dodoma mjini ambazo tangu serikali ihamie zimeota vioo na viyoyozi. Mama hakusema kitu. Alikaza kanga, akadai bahasha yake, tukatoka. Leo siku ya nne na hasira haijashuka, kwa hiyo mnivumilie.

Mama kazaliwa Kongwa, mkoani hapa hapa Dodoma, mwishoni mwa 1968. Mtu wa Kongwa akiusikia mwaka huo, akamtazama mama usoni, haulizi zaidi. Kambi za wapigania uhuru zilikuwa pale: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wenzao, kwenye mabaki ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. (Kongwa tumezoea kuachiwa. Waingereza walituachia vyuma chakavu.) Samora Machel alikuwa mkuu wa kambi pale, Msumbiji ikiwa bado haijui kama ndiye Rais wake. Na wale vijana hawakuwa mapadri. Walikuja vijijini kununua mayai na pombe, wakacheza mpira, wakapenda, wakazaa. Babu mzaa mama alikuwa wa ANC. Bibi alikuwa akisimulia kwamba babu ugali wa uwele aliuzoea ndani ya wiki, ila mlenda ulimshinda mpaka mwisho. Alikuwa akiufuta kwenye vidole kwa siri, chini ya meza.

Mwaka 1969 serikali yetu wenyewe iliwaambia ANC wawaondoe wapiganaji wao Kongwa. Wakapandishwa ndege kwenda Urusi. Mama alikuwa hajaanza kutembea. Bibi aliambiwa wameenda mazoezini, akasubiri.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "baba zao waliwakimbia" napata shida kukaa kimya. Wapo waliokimbia, sawa. Wengine tuliwaondoa sisi.

Sasa njoo kwenye sheria, maana watu wanadhani mama anaomba sadaka. Afrika Kusini inasema mtu aliyezaliwa nje, mzazi wake mmoja akiwa raia wa huko, naye ni raia wao, ilimradi uzazi wake uandikishwe. Namibia walienda mbali zaidi: Katiba yao ya 1990 inamhesabu hata mtoto ambaye mzazi wake angekuwa raia kama Katiba hiyo ingekuwepo siku mtoto alipozaliwa. Waliiandika hivyo watu waliokuwa wanajua watoto wao wamezaliwa wapi. Haki ipo. Kilichokosekana ni jina.

Maana kambini hakuna aliyetumia jina la kwao. Kila mpiganaji alipewa jina la kambini, Makaburu wasije wakagonga mlango kwa wazazi wake huko nyuma. Cheti cha ubatizo cha mama kimeandikwa kwa wino wa bluu, mwandiko wa mwalimu wa dini. Jina la baba: neno moja, kama jina la mchezaji wa mpira. Kazi ya baba: "Mgeni." Basi. Hilo neno moja ndilo tunalozunguka nalo mwaka wa tatu huu. Ofisini wanasema leteni cheti cha kuzaliwa cha baba. Cha nani? Mwenye jina hilo hajawahi kuzaliwa popote. Tukiwaeleza, wanasema basi pimeni DNA na ndugu wa marehemu. Ndugu gani? Ningewajua ndugu zake ningekuwa na jina, na ningekuwa na jina nisingekuwa dirishani kwako! Huko Sauzi kuna ukoo mzima, huenda una shangazi mwenye paji la uso kama la mama, na wanaamini kijana wao aliondoka akafa bila mtoto.

Na mimi mjukuu siwezi kumruka mama. Haki hii inapita kwa mzazi. Yeye akikwama, sisi watano nyuma yake tumekwama.

Kwa hiyo nauliza: nani anajua? Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, kuanzia 1963 hadi 1994. Chakula, fedha, silaha na watu vilipita mikononi mwetu. Sitaki kuamini kwamba nchi inayokuandikia mbuzi wako kwenye daftari la kijiji ililisha kambi nzima miaka yote hiyo bila orodha. Na kama hatuna sisi, chama cha babu, ANC, kilikuwa nayo, na hao ni rafiki zetu, kila siku tunaambiwa ni ndugu wa damu. Mtu mmoja tu akae na makaratasi hayo, alinganishe jina la kambini na jina la kwao, aandike barua yenye muhuri: fulani ndiye fulani, alikuwa Kongwa mwaka fulani. Aliyemficha mtu ndiye anayejua alipomweka. Kazi hiyo si ya bibi wa miaka hamsini na kitu mwenye bahasha.

Lakini tuko bize na urithi wa ukombozi. Makaburi ya wapiganaji Kongwa yanatembelewa, wageni wanashuka kwenye magari yenye bendera, wanaweka maua, wanapiga picha. Akina mama wanaitwa kuimba. Mama yangu ameimba pale mara mbili, kwa sare. Hakuna mgeni aliyemuuliza jina la baba yake. Kaburi limepigwa rangi nyeupe, yeye anaambiwa lete kiambatanisho.

Mtaniambia matapeli wapo. Wapo, na ofisi ina haki ya kukagua. Mtaniambia mdogo wangu anautaka huo uraia akafanye kazi Johannesburg. Kweli, hafichi. Mtaniambia Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mama anajua, na namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, haitupi. Anataka kwanza aandikwe ni mtoto wa nani, mengine atachagua mwenyewe. Na kabla hatujawacheka wa Sauzi kwa urasimu, tusome Sheria yetu ya Uraia ya 1995: raia wa kurithi akizaa nje, mtoto wake harithi. Kizazi kimoja, mlango unafungwa.

Alhamisi tunarudi. Jana usiku mama kaniambia nitoe kopi nyingine ya cheti, kwa sababu mkunjo wa karatasi umepita juu ya jina la baba na umeanza kula herufi mbili za mwisho. Nikamwambia, mama, jina lenyewe si la kweli. Akasema, toa kopi.