Gikomba ilivyofika Los Angeles

Jumamosi hiyo nilikuwa kwa matatu ya Jogoo Road kitu saa kumi na mbili asubuhi naenda soko la Gikomba, na kama unauza mitumba unajua ile presha, bale ikifunguliwa na hukupata kamera, zile nguo safi za kwanza, unabaki kupigania sweta zimeliwa na panya. Simu ikalia. Video kol, Anti. Anti alikuwa Los Angeles kumtembelea binti yake na tangu afike kila kitu lazima tuone laivu, bahari ya Santa Monica tulikuwa tumeoneshwa hadi ikatuchosha.

"Mami! Tumekuja kusikiza muziki, hebu ona hapa!"

Huko bado ilikuwa Ijumaa usiku. Ukumbi wenyewe ni ule wa Walt Disney Concert Hall, wa Frank Gehry, ulifunguliwa 2003. Ndani ni mbao kila mahali, halafu pale mbele kuna kinanda cha paipu, aki hicho kinanda, paipu za mbao zimepinda zimelala huku na huku kama chipsi zimemwagika. Binti yake akasema kwa nyuma hata wenyeji wanakiita hivyo, chipsi, na paipu ziko 6,134. Anti akasema yeye njaa imemshika tu akiziangalia.

"Lakini nje ni mabati, mami. Pesa yote hiyo na wakaweka mabati!"

Akaambiwa ni chuma cha pua. Akaambiwa pia sehemu zingine zilikuwa zinang'aa sana mpaka jua likawa linarudishwa kwa nyumba za majirani, watu wanapikwa ndani, ikabidi 2005 zipigwe msasa. Anti akasema si wangeuliza tu watu wa Kayole. Mjane wa Walt Disney ndiye alianzisha na dola milioni 50 mwaka 1987, sasa piga hesabu hadi 2003, hapo nilifarijika kidogo, kumbe si ploti zetu pekee zinakaa msingi miaka na miaka.

Taa zikapungua, Anti akasema bai, akatia simu kwa mkoba. Kukata hakukata.

Upande wangu kulikuwa na giza na kona ya pakiti ya njugu. Nikabonyeza kile kitufe chekundu, wapi, kioo changu kilipasuka na hiyo kona haisikii kidole tena. Iafoni nazo zilikuwa zimekufa kwa hivyo simu ilikuwa laudispika, muziki ukaanza, violini, matatu nzima ikanyamaza. Mzee mmoja akauliza ni nani ameaga. Mama wa sukuma wiki akasema wacheni wimbo, mnaharibu.

Sasa kitu sikuwa najua ni kwamba huo ukumbi sauti yake ilipangwa na Mjapani mmoja anaitwa Yasuhisa Toyota, viti vimezunguka okestra pande zote, ukipasua peremende kule juu inafika kwa wapiga ngoma. Na Anti alikuwa amekaa nyuma ya okestra, anaangaliana na yule wa kijiti uso kwa uso.

Muziki ukashuka, ukashuka, ikabaki filimbi moja nyembamba. Mimi nimeinamia simu naita polepole "Anti, kata, Anti kata simu", na hapo hapo konda akaning'inia mlangoni juu ya kichwa changu akapiga ile sauti yake yote:

"GIKOMBA! GIKOMBA WASHUKE! MADAM WA SIMU, BADO HAMSINI YANGU!"

Filimbi ilinyamaza. Sijui ndio wimbo ulikuwa umefika mwisho ama aje, mimi nilisikia kimya, halafu zipu, halafu mwanga, na kwa kioo akatokea mama wa Kizungu amevaa suti nyeusi, beji kifuani, ananiangalia. Nyuma yangu watu wakapanga vichwa waonekane. Wakampungia mkono. Konda akaingiza uso akauliza, "Huyu ndiye analipa?" Akakata yeye yule mama, Mungu ambariki.

Nilishuka hapo miguu haina nguvu, bale nikapata imeshafunguliwa, kamera imeenda.

Jioni binti yake akanitumia voisi, dakika nzima ni kicheko kabla aongee. Eti wakati wa mapumziko mzee mmoja wa tai aliyekuwa kiti cha pili aliwafuata, mpole sana, akauliza huyo Gikomba ni mtunzi wa wapi, hajawahi kumsikia. Binti akataka ardhi ipasuke. Anti akajishika vizuri leso yake akamwambia atafsiri:

"Mwambie ni mkubwa sana kwetu. Nairobi nzima inavaa kwake."