Mguu wa mtoto haununuliwi mara moja

Wiki iliyopita, kwenye jumuiya yetu hapa Uyole, Mbeya, mama mmoja aliomba tuchangie kituo kinacholea watoto waliopata ulemavu kwenye vita vya mashariki mwa Kongo. Jibu la kwanza: "Vita hivyo vinatuhusu nini? Walemavu tunao hapa hapa." La pili likapokelewa kwa makofi: tukusanye nguo, tuzipeleke siku moja, tupige picha na watoto, tumemaliza.

Hilo la pili ndilo lililoniumiza zaidi, maana walioliunga mkono ni watu wenye huruma kweli.

Ndugu zangu, mtoto aliyekatwa mguu anaendelea kukua. Mzazi yeyote anajua kiatu cha shule kilichonunuliwa Januari kinavyobana ikifika Desemba. Mguu bandia nao ni hivyo hivyo, ila hauuzwi sokoni Mwanjelwa. Mtu mzima anaweza kukaa na mguu wake miaka mitatu hadi mitano. Mtoto huhitaji mwingine kila baada ya miezi sita hadi mwaka, au urekebishwe, vinginevyo unamchubua, anauvua, anarudia magongo. Kibaya zaidi, mfupa ndani ya kigutu huweza kurefuka kuliko ngozi inayoufunika, ukaanza kuichoma, na mtoto akarudishwa chumba cha upasuaji. Aliyeumia akiwa na miaka sita ana safari ndefu hadi atimize kumi na minane. Ukimpa mguu mmoja ukaondoka, umemsaidia mwaka mmoja. Na hapo sijagusa mazoezi ya viungo, wala ndoto zinazomwamsha usiku.

Ndiyo maana vituo vinavyofanya kazi hii vizuri vinategemea watu wanaotoa kidogo kidogo bila kuchoka. Kule Oberhausen, Ujerumani, kuna Friedensdorf, yaani Kijiji cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1967. Kimepokea watoto wa Vietnam, Angola, Afghanistan na kwingineko ambao hawakuweza kutibiwa kwao, kikawauguza, kisha kikawarudisha kwa wazazi wao. Miaka yote hiyo michango na kazi za kujitolea ndizo zinazokibeba. Watu wa Oberhausen nao wangeweza kusema vita vya Angola haviwahusu.

Sisi Watanzania ndio hatuna kabisa haki ya kusema hivyo. Mgagao, pale Iringa, tuliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini mahali pa kukaa. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma imepokea Wakongo tangu 1996. Panya waliofundishwa Morogoro walisaidia kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini Msumbiji, hadi nchi ile ikatangazwa mwaka 2015 kuwa imemaliza kuyaondoa maeneo yote yaliyojulikana. Na pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia, wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika. Utaalamu upo nyumbani. Kinachokosekana ni fedha ya kumfikisha mtoto kwa fundi, mara ya kwanza na ya tano.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba huku kwetu pia kuna watoto wanaoshinda ndani kwa kukosa kiti mwendo, na sheria yetu ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ambazo bado hawazioni. Anayelitaja hili kwa uchungu wa kweli aanze na mtoto wa jirani yake, nami nitakuwa naye bega kwa bega. Lakini asilitumie kumnyima mtoto mwingine.

Kwenye kikao kijacho nitaomba kila kaya iahidi shilingi elfu mbili kwa mwezi, na wakulima wa viazi watoe kwa msimu wakishauza. Tumpate mtunza hazina mmoja, tusomewe hesabu kila robo mwaka. Nguo zipelekwe tu wakiziomba. Na kabla ya kutuma chochote, tukiulize kituo: watoto wangapi wanavaa miguu bandia, wana umri gani, na nani mguu wake umeshaanza kumbana?